Simu Ndani ya Mtumbwi: Mwongozo kwa Wanaoishi na Maji ya Kilombero

Machi ikishaingia, anayetoka Mofu kwenda shambani hahesabu kilomita. Anauliza maji yamefika wapi. Palipokuwa na njia ya baiskeli mwezi Desemba sasa panapita mtumbwi, na ndani ya mtumbwi huo, pamoja na sufuria, nyavu na debe la unga, kuna simu. Simu hiyo ndiyo benki, ndiyo redio, ndiyo tochi, na ndiyo njia ya kumuuliza dalali wa Ifakara gunia la mpunga limefika bei gani. Daraja la mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 limewaepusha wengi na adha ya kivuko, lakini halikufika kwenye dungu lako huko bondeni. Huko bado ni upondo na kafi, na mfuko wa suruali uliolowa.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuikinga simu isilowe, na cha kufanya ikishalowa. Kabla ya yote shika hili: maji peke yake huua simu chache. Nyingi humaliziwa na wenyewe, pale mtu anapobonyeza kitufe ili “tuone kama bado inawaka”.

Kinachotokea humo ndani

Maji safi kabisa, yale ya maabara, hayapitishi umeme kirahisi. Maji ya Kilombero si ya maabara. Yamebeba udongo wa milima ya Udzungwa, madini, mbolea iliyooshwa mashambani na mkojo wa ng'ombe na viboko. Hivyo vyote vikichanganyika humo, maji yanakuwa njia ya umeme. Betri ya simu ina volti 3.7 hivi, ambazo hazimshtui hata mtoto, ila kwa nyuzi za bodi zilizo nyembamba kuliko unywele ni nyingi mno. Tone la maji likikaa kati ya nukta mbili zenye umeme, metali ya upande mmoja huanza kumeguka na kuhamia upande wa pili, na nyuma yake hubaki unga wa kijani au mweupe.

Kazi hiyo haingoji simu iwe imewaka. Betri ikiwa mahali pake, sehemu fulani za bodi zina umeme saa zote, kwa sababu simu iliyozimwa lazima ijue ni lini umebonyeza kitufe cha kuiwasha. Ndiyo maana utamsikia mtu akilalamika kwamba simu yake ililowa Jumatatu, ikafanya kazi vizuri kabisa, ikafa Alhamisi bila sababu. Sababu ipo. Ilikuwa ikiliwa polepole tangu Jumatatu.

Dakika kumi za kwanza

Simu ikitumbukia mtoni, usiifuate. Inashangaza kwamba hili linahitaji kuandikwa, lakini mtu akiona simu ya laki tatu inazama husahau yuko wapi. Mamba wa Kilombero hawajali bei ya simu, na kiboko mwenye mtoto hajali kitu chochote. Kilichoteleza kwenye kina ambacho huoni chini yake ni cha mto. Kwa simu iliyopotea kuna la kufanya kuhusu laini na pesa, tutafika huko.

Ikiwa imeangukia maji ya kifundo cha mguu, au imelala kwenye maji yaliyotuama sakafuni mwa mtumbwi, itoe na uishike tundu la chaji likiangalia chini. Kama bado inawaka, izime. Kama imejizima, usiguse kitufe. Kiswaswadu au kitochi, yaani simu yoyote yenye mfuniko unaofunguka kwa ukucha, ing'oe mfuniko na utoe betri hapo hapo, hata kama mvua inanyesha. Igeuzie mvua mgongo wako ufanye kazi hiyo kifuani. Kisha toa laini na kadi ya kumbukumbu. Betri ikishatoka, umeshafanya sehemu kubwa ya uokoaji, na baada ya hapo haraka haisaidii.

Simu janja nyingi za sasa zina betri iliyogundishwa ndani. Hiyo usijaribu kuifungua kwa kisu. Betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kuwaka moto, na ndani ya mtumbwi hakuna pa kukimbilia. Izime tu, utoe kisahani cha laini, uifute.

Kufuta nako kuna namna yake. Tumia kitambaa kikavu, khanga au fulana, ukigandamiza kidogo kidogo. Usiitikise kama chupa ya dawa, maana unayasukuma maji yaliyokuwa mlangoni yaende ndani zaidi. Usipulize kwa mdomo kwenye tundu la chaji. Pumzi yako ina unyevu, na nguvu ya pumzi hufanya kosa lile lile la kutikisa.

Halafu ikaushe, na hapa ndipo kila mtu ana dawa yake. Wapo wanaoianika juu ya bati saa saba mchana. Wapo wanaoiweka karibu na chanja cha kukaushia samaki. Joto la namna hiyo hulegeza gundi ya kioo na kuidhuru betri, na moshi wa chanja una mafuta ya samaki ambayo hayatatoka tena. Inachohitaji simu ni kivuli na hewa inayopita. Dungu ni mahali pazuri kuliko nyumba: liko juu, upepo unapita pande zote. Itundike humo kwenye kitambaa chenye matundu au kipande cha wavu, tundu likiangalia chini. Mwenye umeme aiweke mbele ya feni. Kiswaswadu kilichotolewa betri kipe siku mbili kamili. Katikati ya masika, hewa yenyewe ikiwa imelowa, ongeza.

Katika siku hizo usiichaji “kidogo tu”. Kuchaji simu yenye unyevu ni kuupa ule ulaji tulioueleza chakula kingi zaidi. Simu janja za miaka ya karibuni zenyewe hutoa onyo kwamba kuna maji kwenye tundu la chaji, na kukataa kuchaji. Zikikataa, ziamini.

Mchele una kazi nyingine

Ushauri wa kuizika simu kwenye mchele umeenea dunia nzima, na ni haki kabisa kwamba ulipofika Kilombero ulipokelewa kama mgeni aliyerudi kwao. Kama mchele una uwezo wa kufufua simu, basi hapa ndipo zingefufukia zote. Lakini haufanyi kazi. Mchele hunyonya maji yanayougusa. Yale yaliyojificha chini ya kinga ya bodi hayaugusi, na kuyavuta kwa mbali hauwezi. Zaidi ya hapo, mchele wetu unakuja na vumbi la pumba na chenga ndogo. Vumbi hilo likikutana na tundu lililolowa huwa ujiuji, na punje moja iliyovunjika ina ukubwa kamili wa kukwama kwenye tundu la chaji. Kampuni ya Apple yenyewe, katika maelekezo yake kwa wenye iPhone, inasema wazi wasiweke simu kwenye mfuko wa mchele kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu.

Kama unataka kitu kinachonyonya unyevu wa hewani, tafuta vile vifuko vidogo vyenye chembe kama vioo vinavyokuja ndani ya boksi la viatu au mkoba mpya, vilivyoandikwa kwamba visiliwe. Chembe hizo zinaitwa silika. Zikusanye. Vifuko vitano sita kwenye kopo lililofungwa vina faida kuliko gunia la mchele wa supa. Vikichoka kunyonya, vianike karibu na joto la wastani, vitarudi kazini.

Sifa unayoipata mchele inatokana na jambo moja tu: mtu akiizika simu kwenye mchele, kwa siku mbili haibonyezi.

Wanayojua wazamiaji wa Mafia

Maji yanayopita Mofu hayaishii hapa. Kilombero ndio unaoupa mto Rufiji sehemu kubwa ya maji yake. Yakishapita bwawa la Julius Nyerere huteremka hadi deltani, na ng'ambo ya delta hiyo, baharini, kipo kisiwa cha Mafia. Huko kwenye ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, watu huzama na mitungi ya hewa mgongoni kutazama matumbawe. Mkononi huvaa kifaa cha ukubwa wa saa: kompyuta ya kuzamia. Inapima kina na muda, inakadiria ni naitrojeni kiasi gani imeingia mwilini, na inamwambia mzamiaji apande kwa mwendo gani. Akipanda haraka mno, naitrojeni hiyo hutoka damuni kwa viputo, na viputo vinaweza kumpooza au kumuua. Kifaa cha namna hiyo hakitunzwi kwa mazoea. Na kwa kuwa wao wanaishi na elektroniki ndani ya maji kila siku, yako mambo tunayoweza kuyaiga huku bondeni.

La kwanza ni suuza. Kila akitoka majini, mzamiaji hukiloweka kifaa chake kwenye maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikikauka huwa chembe ngumu zinazoziba tundu dogo la kupimia shinikizo na kukwamisha vitufe. Hakielekezei mpira wa maji wenye nguvu, maana mkondo mkali huweza kupenya pale ambapo maji tulivu yasingepenya. Kwetu adui si chumvi, ni tope. Kama simu yako imetengenezwa kustahimili maji, na ina hakikisho hilo kwenye boksi lake, ikitumbukia kwenye tope isuuze polepole kwa maji safi kabla tope halijakauka, kisha ikaushe. Kama haina hakikisho hilo, usiisuuze mwenyewe hata kidogo.

La pili ni zile nukta mbili za chuma zilizo nyuma ya kompyuta nyingi za kuzamia. Maji yakizigusa, kifaa hujua kimeingia majini na hujiwasha. Zikigandwa na uchafu, kifaa hudhani bado kiko chini ya bahari, na betri huisha kikiwa kabatini. Mzamiaji huzisugua taratibu kwa mswaki laini. Simu yako inayoonya kila siku kwamba kuna maji kwenye tundu la chaji, wakati umeikausha wiki nzima, mara nyingi ina ugonjwa huo huo: si maji tena, ni mabaki ya tope kwenye nukta za chuma. Izime, chukua mswaki mkavu na laini, tundu likiangalia chini, usugue kwa subira. Kijiti cha meno kinaruhusiwa kwa uchafu uliogandamana. Sindano hairuhusiwi.

La tatu ni oringi, ule mpira wa duara unaokaa chini ya mfuniko wa betri. Kila anapobadili betri, mzamiaji huutoa, huuangalia kwenye mwanga, hupitisha kidole kutafuta ufa, huhakikisha hakuna mchanga wala unywele, na kuupaka mafuta ya silikoni kwa uchache. Unywele mmoja ukilala juu ya mpira, kuna njia ya maji. Na ni mafuta ya silikoni, si mafuta ya mgando ya kujipaka, kwa sababu yale yatokanayo na petroli huifanya baadhi ya mipira kuvimba na kulegea. Wengi watasema hili halituhusu kwa kuwa simu hazina oringi. Zinazo za namna yake: mpira mwembamba kwenye kisahani cha laini, na gundi inayozunguka kioo. Ukiingiza kisahani hicho kikiwa na mchanga wa mtoni, umeufungua mlango mwenyewe.

Hapa niseme kuhusu zile herufi, IP67 na IP68, ambazo wauzaji wa Kariakoo huzitaja kwa sauti kubwa. Tarakimu ya kwanza, 6, inahusu vumbi. Ya pili inahusu maji: 7 ina maana kifaa kilizamishwa mita 1 kwa dakika 30 kikabaki salama, 8 ni zaidi ya hapo, kwa kiwango anachokitaja mtengenezaji. Majaribio hayo hufanywa kwa simu mpya, kwenye maji safi yaliyotulia. Simu yako imeanguka mara ngapi? Imebadilishwa kioo? Simu ikishafunguliwa, gundi yake ya kiwandani imekatika, na mafundi wengi hawairudishi kwa kiwango kile. Ichukulie kuwa haistahimili maji tena, hata kama boksi linasema vinginevyo.

Kopo

Zamani dawa ilikuwa rambo. Simu inaviringishwa kwenye mfuko wa rambo, unafungwa fundo, mfukoni. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na mifuko mbadala tunayopewa dukani inapitisha maji kama kitambaa, maana ni kitambaa. Sitetei rambo, liliziba mitaro ya Ifakara na kuua ng'ombe, na hata kama kinga ya simu lilikuwa bovu, kwa kuwa tundu la sindano lilitosha kuliharibu. Ila pengo lake halijazibwa vizuri.

Wapo wanaouza mifuko maalumu ya plastiki ngumu yenye kibanio, ya kuning'iniza shingoni. Mizuri ipo. Mibovu ni mingi zaidi. Kwa mtu wa mtumbwi napendekeza kitu ambacho hakikunji: kopo la plastiki lenye mdomo mpana na mfuniko wa kuzungusha, lile la siagi ya karanga au la mafuta ya kujipaka. Kwa kiswaswadu nusu lita inatosha. Kwa simu janja tafuta la lita moja. Kopo la lita moja lenye simu ndani yake bado linaelea, na hapo ndipo linapoushinda mfuko wa shingoni: mtumbwi ukipinduka, simu inabaki juu ya maji ikikungoja. Lipake rangi nyekundu au lifunge utepe unaong'aa, kopo jeupe kwenye matete halionekani. Lifunge kwa kamba ndefu kwenye ubavu wa mtumbwi, si mwilini mwako. Mtu anayeogelea hahitaji kamba inayonasa.

Kabla hujaliamini, lijaribu kama wazamiaji wanavyojaribu makasha ya kamera zao, likiwa tupu. Weka tishu kavu ndani, kaza mfuniko, lizamishe kwenye ndoo ukiweka jiwe juu, uliache nusu saa. Litoe, ulifute vizuri nje na hasa shingoni kwenye zile ngazi za mfuniko, kisha ufungue. Fungua taratibu, mdomo ukiwa umeinama kidogo, ili tone lililojificha kwenye ngazi lisidondoke ndani likakudanganya. Gusa tishu kwa mgongo wa kidole, sehemu inayohisi baridi upesi. Ikiwa kavu kabisa, kopo lina kazi. Ikiwa na unyevu hata upande mmoja, angalia mfuniko: mara nyingi kuna chembe ya mchanga, au ile duara ya karatasi ngumu ya ndani imechanika. Kata duara jipya kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, ulijaribu tena. Jaribio hili lirudie kila mwanzo wa msimu, maana mifuniko huchoka.

Jambo dogo ambalo wengi hawalitegemei: kopo linaweza kulowa kwa ndani bila maji kuingia. Ukilifunga mchana wa joto, hewa ya masika ikiwa nzito, usiku ukipoa unyevu uliofungiwa hugeuka matone kwenye kuta. Weka vile vifuko vya silika chini, juu yake kitambaa, kisha simu. Na usiliache kopo juani mchana kutwa kwenye mtumbwi, kwa sababu betri ya simu ikipata joto kali mara kwa mara huzeeka kabla ya wakati. Liweke chini ya ubao wa kukalia.

Kitambulisho na kiberiti navyo vinaenea humo.

Dawa ya mbu

Bonde hili lina mbu wa kutosha hata kuwalisha watafiti. Taasisi ya Afya Ifakara imejenga jina lake duniani kwa kuwachunguza. Kwa hiyo jioni tunajipaka dawa ya kufukuza mbu, na inafaa tujipake. Lakini dawa nyingi za kupaka zina kemikali iitwayo DEET, na DEET hulainisha na kuyeyusha aina kadhaa za plastiki. Ukijipaka kisha ukashika simu, saa au tochi, utaona baada ya muda plastiki imekuwa na ukungu, alama za vidole zimebaki kama zimechorwa, au rangi imetoka. Wazamiaji huonywa hivyo hivyo kuhusu kompyuta zao. Jipake, nawa viganja kwa sabuni, halafu ndiyo ushike vifaa. Wa kumpaka mtoto ni wewe, na wa kushika simu awe mwingine.

Kwa usafi wa kila siku kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Petroli na thina visikaribie kioo, wala sabuni ya unga, ambayo hukwaruza. Mvuvi anayekausha samaki kwa moshi aitazame spika ya simu yake: masizi na mafuta hujenga tando juu ya wavu wake mdogo, sauti inafifia, naye anadhani spika imekufa. Mswaki mkavu, simu ikiangalia chini, mara moja kwa wiki.

Kwa fundi

Kukausha nje hakuondoi tope lililoingia ndani. Kama simu janja imezama kabisa mtoni, hata ikiwaka, ipeleke kwa fundi ifunguliwe mapema, kesho si wiki ijayo. Mwambie ukweli: ilizama kwenye maji gani, kwa muda gani, na kama uliibonyeza au kuichaji baadaye. Watu huficha hili kwa aibu, na fundi anaanza kutafuta ugonjwa mahali usipo.

Kazi ya kwanza ya haki ni kutenganisha betri, kisha kuiosha bodi kwa spiriti ya isopropili na mswaki laini mpaka ule unga wa kijani uishe, hasa kandokando ya tundu la chaji na chini ya vile vifuniko vyembamba vya bati. Spiriti huondoka na maji na yenyewe hukauka upesi. Ukimwona anaanza na mashine ya hewa ya moto kabla ya kuosha, muulize kwa heshima. Joto linaloelekezwa kwenye bodi yenye tope linaukausha uchafu palepale ulipo. Na kama anataka kubadili kioo kwanza kwa sababu picha haionekani, muombe aoshe kwanza, ajaribu, ndipo mzungumzie kioo.

Betri iliyokaa majini usiidai irudishwe. Ikiwa imevimba, hata kwa unene wa kadi, haifai tena kuchajiwa, na isigandamizwe ili mfuniko ufunge.

Laini na pesa

Simu iliyochukuliwa na mto haijachukua pesa zako. Pesa za mtandao zimo kwenye akaunti ya namba yako, si ndani ya kifaa. Azima simu ya jirani, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, omba laini ifungwe, kisha nenda kwa wakala mwenye mamlaka ya kurudisha laini ukiwa na namba yako ya NIDA na kidole chako. Kinachowakwamisha wengi ni laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, shemeji au mwajiri wa zamani. Piga *106# leo, ukiwa bado na simu kavu mkononi, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama unayoitumia haimo, litatue hilo kabla ya masika.

Majina ya kwenye simu nayo yahifadhi kwenye akaunti ya mtandaoni, si kwenye simu peke yake. Asiyetumia intaneti aandike namba kumi muhimu kwenye daftari, na daftari libaki nyumbani. Laini ikilowa haina neno. Ifute, nukta zake za dhahabu zisugue kwa kifutio cha penseli, kwa kawaida itafanya kazi.

Tochi ya kichwa

Tochi hutendewa vibaya kuliko simu kwa sababu ni ya bei ndogo, wakati usiku mtoni ndiyo inayokuonyesha macho ya mamba. Za kuchaji zifuate yote yaliyosemwa juu, na kile kifuniko cha mpira kwenye tundu la chaji kisikatwe eti kinasumbua. Za betri za kawaida zina adui mmoja mkubwa: betri iliyosahaulika ndani. Mpunga ukishavunwa na tochi ikatundikwa ukutani mpaka msimu ujao, betri huvuja na kula springi. Zitoe siku unayoitundika. Ukikuta unga mweupe wa betri za alkalini, vaa mfuko mkononi, chovya pamba kwenye siki au ndimu, futa mpaka uache kutoa povu, kisha futa kwa kitambaa chenye maji safi na ukaushe. Springi iliyokwisha kuwa nyeusi isugue kwa msasa laini. Usichanganye betri mpya na kuukuu ndani ya tochi moja, ile kuukuu ndiyo itakayovuja. Na betri zilizokufa, za tochi na za simu, zisitupwe mtoni wala chooni wala motoni. Zikae kwenye kopo kavu, mbali na watoto, mpaka siku ya kwenda Ifakara, umuulize fundi wako anazipeleka wapi za kwake.